Shemeji Msabato, mimi Mlutheri, nyumba haikaliki

Wakuu naombeni ushauri, shemeji yangu Msabato kila akija tunaanza na chai tunaishia kugombania siku ya kusali, Jumamosi au Jumapili, juzi nimempandishia sauti hadi mama mkwe akabeba kikombe chake akahamia jikoni. Nifanyeje?

Jibu 1:
Pole mkuu. Soma Matendo 17, Paulo roho ilimchemka kuona sanamu zimejaa Athene ila aliposimama Areopago, kwenye baraza la mji huo, hakuanza na matusi, alianzia kwenye ile madhabahu yao ya Mungu asiyejulikana.

Jibu 2:
Warumi 14 inaongelea watu kutofautiana kuhusu siku, inasema kila mtu athibitike akilini mwake. We unabishana ili aokoke mara ya pili? 😂

Mleta mada:
Hahaha umenishika. Ijumaa anakuja kabla jua halijazama, yaani kabla Sabato yake haijaanza, ntamuuliza ilikuwaje akaanza kusali Jumamosi, sijawahi kumuuliza aisee.