Naombeni ushauri: niitazame tena Ghost in the Shell na kaka yangu aliyeumia kichwa, au niiache ilivyo?

Mdogo wa Fundi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Naomba mnisome hadi mwisho, maana jambo lenyewe linaonekana dogo lakini limeninyima usingizi wiki nzima.

Mwaka 2001 mjomba wetu, baharia, alirudi Tanga na begi la mikanda ya video aliyoinunua Uingereza. Mmojawapo ulikuwa Ghost in the Shell, ile filamu ya katuni ya Kijapani ya Mamoru Oshii ya mwaka 1995, ikiwa imetiwa sauti za Kiingereza. Mimi nilikuwa na miaka 13, kaka yangu 16. Tuliitazama pale sebuleni kwetu Ngamiani, Barabara ya 12, mpaka mkanda ukaanza kuleta chenga. Hapo kaka anafungua deki, anachukua kipande cha kitambaa, anadondoshea spiriti, anakifuta kichwa cha deki polepole kama anayemfuta mtoto matongo, anafunga, tunaendelea. Ufundi ule ndio uliokuja kuwa kazi yake, redio na televisheni, mtaa mzima ulikuwa unamletea.

Miaka miwili iliyopita alikuwa amepanda bodaboda, wakagongwa, akaumia kichwa. Namshukuru Mungu anatembea, anakula mwenyewe, anatania watu. Ila kumbukumbu zimevurugika. Za zamani anazo vipande vipande, za jana zinampotea, na penye pengo anajaza. Anakusimulia safari ya Mwanza ambayo hajawahi kwenda, na anakutajia mpaka rangi ya shati la kondakta.

Wiki iliyopita akaitaja filamu mwenyewe, bila kuulizwa: "Ile ya mwanamke anayejirusha toka juu ya ghorofa, halafu anapotea hewani." Wakuu, nilifurahi mno. Tukaiongelea karibu saa nzima. Tulipofika mwisho wake, akaanza kupiga ngoma mezani kwa vidole na kuvumisha muziki, akasema ndio uliokuwa ukipigwa majina yakipita. Nikamwambia hapana kaka, mwisho ni wale wanawake wanaoimba kama mwanzoni. Akakataa. Nikafungua simu, nikautafuta mwisho wa filamu, nikamwekea. Wakaimba wale wanawake. Akasikiliza mpaka mwisho, akanirudishia simu, akasema, "Basi hata hii sikuwa nayo."

Tangu siku hiyo hajaitaja tena.

Nataka niitafute tuitazame pamoja yote, labda itamrudisha. Lakini mle ndani yumo yule mzoa taka aliyepandikizwa kumbukumbu za mke na mtoto asio nao. Naogopa. Nifanye nini? Na kama ni kuitazama, toleo lipi?

Kijana wa Chumbageni

Pole sana mkuu. Mimi nasema itazameni. Filamu aliyoipenda akiwa na miaka 16 haiwezi kumdhuru, na kukaa na wewe hapo ni dawa tosha.

Nesi wa Zamu

Pole mleta uzi, na hongera kwa kumlea kaka yako. Nimehudumia wagonjwa wa namna hii, kwa hiyo niruhusu nikuulize kwanza: ana degedege tangu ajali? Mwanga wa kumetameta unamsumbua? Kelele za ghafla je? Filamu ina risasi nyingi. Kama amewahi kupata degedege, muulize daktari wake kabla hujaiwasha.

La pili, na hili ndilo zito. Anaposimulia safari ya Mwanza hasemi uongo. Ubongo ulioumia unatafuta kitu cha kuziba pengo, na kinachokuja yeye anakiona kama kumbukumbu nyingine yoyote. Kwa hiyo ukimbishia na kumtolea ushahidi, humrekebishi, unamfundisha kuogopa kusema. Ile simu uliyomwekea, ndugu yangu, najua ulifanya kwa nia njema, lakini usirudie.

Mkiitazama, usimgeuze mwanafunzi wa mtihani. "Unakumbuka hapa?" iache kabisa. Sema unachokiona wewe, naye atasema chake. Mchana ni bora kuliko usiku, na akichoka mnazima, hata kama ni baada ya dakika 20.

Mlinzi wa Mikanda

Kuhusu toleo. Yapo mawili ya filamu hii hii. La kwanza ni la 1995, dakika 80 na kitu. La pili Oshii mwenyewe alilitoa 2008, linaitwa 2.0. Humo baadhi ya sehemu zimechorwa upya kwa kompyuta, pamoja na ule mwanzo wa juu ya ghorofa na kupiga mbizi baharini. Rangi ya kijani imegeuzwa kuwa ya chungwa, na hata sauti ya Mchezesha Vikaragosi, yule mdukuzi wa akili za watu anayesakwa filamu nzima, imebadilishwa: la 1995 kwa Kijapani ni mwanaume, la 2.0 ni mwanamke.

Kwa kaka yako, usithubutu kumletea 2.0. Atamwona Motoko (yule mwanamke anayejirusha, mwenye mwili wa mashine) wa kompyuta akiruka pale mwanzoni, na hataliona lile alilolishika moyoni miaka yote. Mtafutie la 1995. Na wala usichanganye na ile ya Marekani ya 2017 ya waigizaji wa kawaida, hiyo ni kitu kingine.

Nikuambie pia, mimi niliirudia mwaka jana baada ya miaka mingi. Nilipokuwa kijana niliruka kila sehemu isiyo na bunduki. Safari hii kilichonishika ni zile dakika tatu hivi za katikati ambazo hakuna anayesema neno. Mvua inanyesha, Motoko yumo kwenye mashua anapita mifereji ya mji, juu ndege inapita karibu na mapaa, watoto wanakimbia na miavuli ya njano. Anainua macho, dirishani kuna mwanamke mwenye sura kama yake amekaa anakunywa kitu. Wanatazamana tu. Mji wenyewe waliuchora kwa kuangalia Hong Kong. Zile dakika tatu ukiziona ukiwa na miaka 16 ni za kwenda kunywa maji. Ukizirudia ukiwa mtu mzima unaganda.

Abuu Rayyan wa Muscat

Assalaam alaykum. Mimi napingana na mliotangulia, na naomba mnivumilie.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alisahau majina yetu kabla hajaondoka. Najua kumwona mtu akigundua kwamba kichwa chake kimemsaliti. Sasa fikirini ile sehemu ya mzoa taka. Mwanzoni yumo kwenye gari la taka, anamlalamikia mwenzake kuhusu mke anayetaka talaka, anasema ana binti. Baadaye wanamketisha chumbani wanamwambia: huna mke, huna mtoto, unaishi peke yako. Wanamwonyesha picha aliyodhani ni ya binti yake, anajiona yeye mwenyewe. Anauliza hizo kumbukumbu zitatolewaje, na hana anayeweza kumwahidi kitu. Motoko na mwenzake wa kazi, Batou, wamesimama nyuma ya kioo wanamtazama.

Alichofanyiwa yule mzoa taka na alichofanyiwa kaka yako kwa ile simu, tofauti yake ni nini? Simsemi vibaya mleta uzi. Nasema tu, kaka huyu ameshakaa kwenye kile kiti mara moja. Usimrudishe. Mkitaka kuitazama, mruke hapo. Na pia ndani ya nyumba yenye mama na watoto, kumbuka mwili wa Motoko uko wazi sehemu nyingi.

Mdogo wa Fundi

Abuu Rayyan, maneno yako yameniuma, lakini ni ya kweli. Sikuwa nimeliona hivyo.

Nesi, degedege hana, daktari alishamwangalia. Kelele za pikipiki ndizo zinazomshtua. Na asante kwa lile la kutomhoji, maana hapa nyumbani sote tumekuwa tukimhoji. Kila mgeni akija anaulizwa, "Huyu nani? Mtaje jina." Mama ameusoma ujumbe wako nikimshikia simu, akasema tuache.

Msikiliza Santuri

Mleta uzi, subiri. Kabla hujaamua lolote nisikilize, maana watu wote mmelipita hili.

Ule wimbo wa wanawake ni wa Kenji Kawai. Maneno yake ni ya Kijapani cha kale, ni wimbo wa harusi wa kuzuia mabaya yasiwafikie maarusi. Aliutaka uwe na mlio wa kwaya za Bulgaria, akawatumia waimbaji wa nyimbo za asili za Kijapani. Unasikika mara tatu: Motoko anapoundwa mwanzoni, pale kwenye mvua, na mwishoni majina yanapopita.

Lakini hiyo ni filamu kwa Kijapani. Lile toleo la Kiingereza lililouzwa Ulaya na Marekani kwenye mikanda, mwishoni halikuwa na Kawai. Waliweka wimbo unaoitwa One Minute Warning wa Passengers, yaani wale U2 pamoja na Brian Eno. Ni muziki wa mdundo, unaanza chini unapanda.

Umesema mjomba aliununua Uingereza na sauti zilikuwa za Kiingereza. Basi kaka yako alikuwa sahihi. Ulichomwonyesha kwenye simu ni mwisho wa toleo jingine. Miaka yote hiyo, baada ya ajali, ameushika mdundo wa majina ya mwisho, na sisi wenye vichwa vizima ndio tuliosahau.

Mdogo wa Fundi

Nimeutafuta wimbo huo sasa hivi. Ndio. Ni ule ule aliokuwa anaupiga mezani. Nimeusikiliza nimesimama jikoni na mikono inatetemeka.

Naenda kumwamsha.

Nesi wa Zamu

Usimwamshe. Ngoja aamke mwenyewe, anywe chai, ndipo umwambie. Na umwombe radhi.

Mwalimu wa Korogwe

Wakati tunamsubiri mleta uzi, niongeze kidogo. Ile sehemu ya mashuani, Motoko ametoka kupiga mbizi, Batou anamuuliza huko chini anahisi nini. Anasema hofu, wasiwasi, upweke, giza, na pengine hata matumaini. Halafu inatoka sauti kinywani mwake isiyo yake na kusema maneno ya Paulo, Wakorintho wa Kwanza 13:12. Kwetu tunayasoma "wakati huu tunaona katika kioo kwa jinsi ya fumbo". Nimeyasikia makanisani tangu utoto, hasa kwenye harusi, na sijawahi kuyasikia kama nilivyoyasikia pale. Mwishoni kabisa Motoko anarudi na mstari unaotangulia, ule wa kusema kama mtoto. Wakati huo yumo ndani ya mwili wa mtoto, Batou ndiye aliyemtafutia. Mleta uzi, mkifika hapo, msikilize kaka.

Mdogo wa Fundi

Wakuu, narudi na mrejesho. Samahani nimekawia, imepita wiki mbili.

Asubuhi ile nilimpa chai, nikamwambia, "Kaka, nilikosea. Mkanda wetu ulikuwa na wimbo mwingine, na wewe ndiye uliyekuwa unasema kweli." Nikamwekea. Hakusema kitu. Alipiga vidole mezani kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hakukosea hata pigo moja. Kisha akamwita mama aje asikilize.

Filamu tumeitazama siku tatu, mchana, la 1995 kwa Kijapani, mimi nikimsomea maandishi ya chini. Abuu Rayyan, ile sehemu ya mzoa taka nilimwambia kabla: hapa kuna mtu anaambiwa vibaya kuhusu kumbukumbu zake, turuke? Akasema tusiruke. Tukaangalia. Yule mtu alipouliza zitatolewaje, kaka akamjibu kwa sauti, anamjibu yule wa kwenye televisheni: "Waache tu, wanakuongezea maumivu." Nikasimamisha. Akaniambia niendelee.

Pale Motoko anapojivuta kufungua mfuniko wa kile kifaru cha vita mpaka mikono inang'oka, alifumba macho, na mimi nikafumba. Kwenye mvua, zile dakika tatu, hatukusema neno.

Mwisho wakaimba wale wanawake wa Kawai. Akawasikiliza wote, akasema, "Hii nayo nzuri. Lakini yetu ni ile nyingine."

Sasa juzi ameuliza deki iko wapi. Iko stoo, na mkanda wa mjomba umo ndani yake mpaka leo. Ameifungua mwenyewe, na mikono inakumbuka, anajua kila skrubu inakotoka. Kichwa cha deki amekifuta kwa spiriti. Tatizo ni ule mpira unaozungusha mkanda, umelegea, unateleza. Kuna mwenye mpira wa deki ya zamani, au anayejua fundi aliyehifadhi vipuri hivyo?

Mlinzi wa Mikanda

Ninayo mipira mitatu ya vipimo tofauti. Mwambie kaka apime mzunguko wa huo uliolegea kwa uzi, anitajie sentimita, nautia kwenye basi kesho.