Roketi za Shaba: ufundi ulishindwa au siasa ilizizima?

Mwalimu wa Kamalondo (Lubumbashi)

Ndugu zangu, jambo. Nafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari, na wiki iliyopita mwanafunzi aliniuliza kama ni kweli kwamba roketi ziliwahi kurushwa kutoka Katanga. Nilimjibu kwamba ni kweli: kampuni ya Ujerumani Magharibi iitwayo OTRAG, iliyoanzishwa na mhandisi Lutz Kayser mwaka 1975, ilikodishiwa na serikali ya Mobutu takriban kilomita za mraba 100,000 katika jimbo ambalo siku hizo liliitwa Shaba, ikajenga kituo kwenye uwanda ulio juu ya bonde la mto Luvua, na Mei 1977 ikarusha roketi ya kwanza. Baba yangu mdogo, aliyekuwa dereva wa lori upande wa Manono, hadi leo husimulia ngurumo aliyoisikia mchana kweupe, angani hakuna wingu hata moja. Mwanafunzi akauliza tena: mbona hazipo sasa? Hapo nikakwama. Je, roketi zenyewe zilikuwa mbovu, au wakubwa wa dunia walimbana Mobutu? Na leo, gharama zikiwa zimeshuka, wazo lile lingefaa kufufuliwa?

Fundi Vali (Lubumbashi)

Mwalimu, mimi ni fundi wa kiwandani, sijawahi kugusa roketi, ila mabomba, vali na asidi ndivyo vinavyonilisha, kwa hiyo naomba nianzie hapo. Kayser aliikwepa pampu ya kusukumia mafuta kwenye injini, kwa kuwa pampu hiyo ni miongoni mwa sehemu za roketi zilizo ghali na sumbufu kupita zote. Alichukua mabomba ya chuma yenye kipenyo cha sentimita 27, mengine ya mafuta ya taa, mengine ya asidi ya nitriki inayoyapa mafuta oksijeni ya kuungulia, akayajaza theluthi mbili tu, na nafasi iliyobaki akaishindilia hewa, ili hewa hiyo ndiyo isukume vimiminika hadi kwenye injini. Vali ziliendeshwa na mota ndogo za aina ileile inayozungusha vifuta-kioo vya gari. Injini hazikugeuzwa ili kuielekeza roketi; vali za upande mmoja zilibanwa kidogo, upande huo ukasukuma kwa nguvu pungufu, na roketi ikageuka. Mzigo ukizidi, unaongeza mabomba kwenye fungu kama mtu afungaye kuni. Mimi binafsi naona huo ni ufundi mzuri sana, wa mtu anayejua bei ya vitu.

Udhaifu upo. Bomba la kuhimili shinikizo huhitaji kuta nene, kuta nene ni uzito, na setilaiti haibaki juu isipofikia mwendo wa karibu kilomita 7.8 kwa sekunde. Ndiyo maana mpango wake ulidai mabomba mamia katika fungu moja, vali zote zikitii kwa pamoja. Huku kwetu zilirushwa roketi tatu ndogo tu, na ya tatu, Juni 1978, iliinama na kuanguka bondeni Mobutu akitazama. Fungu kubwa halikuwahi kuwashwa hata siku moja, kwa hiyo atakayesema ufundi ulishindwa amehukumu kabla ya kesi.

Msomaji wa Bukavu

Namuunga mkono Fundi, nami naongeza miaka. Mei 1978, mwezi uleule ilipopaa roketi ya pili, waasi kutoka Angola waliingia mji wa Kolwezi, humohumo Shaba. Katika hali hiyo, nani angeamini kwamba Wajerumani waliokaa porini Shaba wanatengeneza chombo cha setilaiti tu? Umoja wa Kisovyeti ulidai kwamba hayo ni makombora, na Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ilikuwa na sababu zake za kuona haya, kwani mwaka 1954 Ujerumani Magharibi iliahidi kutotengeneza makombora ya masafa marefu. Mwaka 1979 Mobutu akauvunja mkataba, na kampuni ikahamia Libya, jambo ambalo halikupunguza hofu ya mtu yeyote. Roketi ya bei nafuu ikielekezwa chini ni kombora la bei nafuu. Hilo hakuna mota ya kifuta-kioo inayoweza kulirekebisha.

Kaka wa Himbi (Goma)

Kuhusu kufufua: SpaceX, kampuni ya roketi ya Marekani, ilipita njia nyingine kabisa. Badala ya kutupa mabomba rahisi, ilitengeneza injini ghali na kuirudisha. Hatua ya kwanza, yaani sehemu ya chini, ya roketi yake Falcon 9 ilitua salama Desemba 2015 na nyingine ikarushwa mara ya pili Machi 2017. Tena, tusisahau ramani. Roketi hurushwa kuelekea mashariki ili dunia inavyozunguka iisaidie, na vipande vyake lazima vianguke mahali. Waitaliano waliorusha kutoka Malindi walikuwa na Bahari ya Hindi mbele yao. Mashariki ya Luvua kuna vijiji, Ziwa Tanganyika na jirani zetu Watanzania. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 huihesabu pia nchi iliyotoa ardhi ya kurushia kuwa mdaiwa wa hasara.

Mwalimu wa Kamalondo (Lubumbashi)

Nawashukuru wote. Jumatatu nitapeleka darasani chupa ya maji na pampu ya baiskeli, turushe roketi ya maji. Fundi, niijaze theluthi mbili kama Kayser?

Fundi Vali (Lubumbashi)

Theluthi moja tu, Mwalimu. Ya Kayser ilikuwa na kuta za chuma. Na watoto wasimame nyuma yako.