Naombeni ushauri, nimeanza kusikia sauti ya mama yangu mdomoni kwangu

Habari zenu wapendwa. Nina mtoto wa kwanza, miezi minne, niko Dar. Juzi saa nane usiku kalia sana nikajikuta nimembwatukia "nyamaza!" kwa sauti ileile ya mama, mtoto akashtuka mikono ikaruka juu, nikamlaza nikakaa chini nalia. Kwetu kulia ilikuwa ni deko, na bibi naye alimlea mama hivyohivyo, simlaumu. Ila sitaki mwanangu aje anywee akisikia tu hatua zangu.

Nimesoma kuhusu Selma Fraiberg, mtaalamu wa saikolojia ya watoto wa Marekani, 1975 yeye na wenzake waliandika kwamba mzazi anayeukumbuka uchungu wenyewe wa utoto wake, sio matukio tu, ndo anaweza asirudie kwa mwanae, na tiba yao walikuwa wanaongea na mama huku mtoto yupo hapohapo. Mimi matukio nayakumbuka yote, uchungu ndo sijui niliuweka wapi.

Mume anasema ni uchovu, mamamkwe anasema niombe, na naomba kweli kila siku.

Kuna aliyeenda kwa mshauri nasaha baada ya kujifungua? Alikuuliza nini, na mtoto ulienda naye?