Ada ya vitendo mnachukua, vitendo viko wapi? Vyuo vya habari Mbeya na Iringa mjibu

Wakuu, heshima kwenu.

Leo hatupakani mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwenye fomu ya kujiunga kuna ada ya masomo, na chini yake kuna mstari wa "mafunzo kwa vitendo". Mzazi kauza viazi vya Uporoto au mahindi ya Mbozi, kalipa yote mawili. Mtoto anamaliza stashahada hajawahi kushika rekoda peke yake hata saa moja. Huu ni wizi, na mitaala ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, ni ya umahiri, siyo ya kukariri sifa tano za redio.

Tazameni kazi wanazoleta. Mwanafunzi katumwa Makambako, upepo wa kule mnaujua. Maiki haina sponji, iko mbali na mdomo wa mhojiwa, na rekoda kaiacha ipange sauti yenyewe. Mhojiwa akinyamaza kuvuta pumzi, mashine inapandisha kiwango na upepo unajaa. Akianza kusema, inashuka. Sauti inapanda na kushuka hivyo mwanzo mpaka mwisho, na hakuna programu ya kuhariri itakayoinyoosha vizuri.

Kumfundisha mtu hilo ni kipindi kimoja tu! Zima otomatiki. Mwambie mhojiwa aseme maneno machache kwa sauti yake ya kawaida, kiwango kwenye mita ya rekoda kicheze kati ya desibeli −18 na −12, kilele kisivuke −6. Maiki ikae sentimita 15 hivi kutoka mdomoni, kwa pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipasuke. Upe upepo mgongo, mwili wako uikinge maiki. Vaa hedifoni muda wote, maana sikio tupu halisikii waya uliolegea. Kabla ya kuondoka, rekodi sekunde 30 za mahali pale bila mtu kusema. Ndizo za kuzibia viraka wakati wa kuhariri. Hifadhi kwa WAV, yaani faili la sauti isiyobanwa, na ukituma kwa WhatsApp tuma kama faili, siyo kama ujumbe wa sauti, kwa sababu huo unabanwa.

Halafu hizo "studio". Chumba chenye paa la bati, dari hakuna, ukutani trei za mayai. Trei za mayai hazizuii sauti kuingia wala kutoka. Zinapunguza mwangwi kidogo tu, tena wa sauti nyembamba, na zikishika moto zinawaka haraka. Kinachozuia sauti ni uzito: ukuta mzito, dari, mlango usio na upenyo. Kuua mwangwi kunahitaji mablanketi mazito na mazulia. Mvua za Mbeya zikianza Novemba, studio ya namna hiyo haifai mpaka masika yaishe, na ada hairudishwi.

Kwenye video ni yale yale. Umeme wetu ni wa hezi 50, kamera inaachwa kwenye picha 30 kwa sekunde na shata ya 1/60, taa zinachezacheza. Weka 25 na 1/50, basi.

Kinachouma zaidi ni somo la sheria. Bado kuna notisi zinazofundisha Sheria ya Magazeti ya 1976 kama vile inatumika, wakati ilifutwa na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hazigusiwi kabisa. Mnampeleka mtoto wa watu kazini na sheria iliyokufa, kisha akishtakiwa kwa kashfa mnasema hakusoma?

Na msituambie hakuna fedha. Rekoda moja kwa wanafunzi watano inatosha kuanzia, na simu ya kawaida yenye maiki ya kubana kwenye kola inafanya kazi nzuri mkiifundisha.

Wanaotaka kujiunga: kabla ya kulipa, ombeni kuonyeshwa stoo ya vifaa na ratiba ya studio yenye majina ya vikundi. Wakikwepa, ondokeni.

Walio vyuoni, wekeni hapa ratiba zenu za studio, mfute majina ya watu. Tuhesabu saa ngapi kwa muhula.