Mmea kama karoti umevamia bustani yangu

Mama Swabra, Busia
Jamani, naomba msaada. Tulimwaga lori la maramu, ule udongo wa changarawe, uani kwa sababu ya matope. Mvua iliponyesha tu pakaota mimea yenye majani yaliyolala chini, kama karoti changa. Binti yangu akasema ni dania, nikaiacha. Sasa imenifika kiunoni, ina vimaua vyeupe kama chumvi iliyomwagika, na sukuma wiki iliyo karibu nayo imedumaa. Nimeing'oa mara mbili kwa mikono mitupu, viganja vinaniwasha hadi usiku. Jirani anasema ni ile atemisia ya malaria, anataka kuchemsha chai. Nimemwambia angoje niulize.

Mkulima wa Tororo
Dada, mwambie atue sufuria! Atemisia ukiifikicha inanukia sana, na vimaua vyake ni vya manjano. Kata ua moja ulitazame kwa karibu: lina pembe tano? Shina lina mifereji na vinyweleo? Basi ni gugu karoti, kitaalamu Parthenium hysterophorus. Lilitoka Amerika ya kitropiki, na hupenda kusafiri na magari, mchanga na maramu. Mmea mmoja mkubwa hutoa mbegu zaidi ya 15,000, nazo hukaa ardhini miaka kadhaa.

Mama Swabra, Busia
Pembe tano, nimehesabu na miwani. Nifyeke kwa panga?

Mkulima wa Tororo
Hapana, ukifyeka linachipua tena. Ngoja mvua ilainishe udongo, ung'oe na mzizi wote. Vaa glavu na mikono mirefu, funga kitambaa puani. Lenye maua livishe kwanza kaveera (mfuko wa plastiki) kichwani, taratibu, ndipo ung'oe. Ukilitikisa umepanda upya. Usilitupe kwenye shimo la mbolea. Likaushe ndani ya gunia, ulichome, wewe ukae upepo unakotokea. Kisha kila wiki mbili pita tena ukang'oe machanga, maana ndani ya wiki nne hadi sita huwa limeshachanua.

Bibi wa Bombo
Mwanangu, kama nyumbani kuna mwenye pumu, asiguse kazi hiyo. Na ng'ombe asilile, maziwa yatakuwa machungu hata chai hainyweki. Mimi kupalilia kulinishinda, mgongo huu! Nikapanda viazi vitamu pale nilipong'oa, nikavibananisha. Majani yalipofunika ardhi, gugu likapungua. Halikwisha, lakini nalimudu.

Mama Swabra, Busia
Shikamoo bibi, asante. Na wewe kaka, asante. Nimejaza magunia matatu, glavu nilimwazima fundi wa pikipiki. Marando ya viazi nayatafuta kesho sokoni. Jirani naye amekwenda nyuma ya choo chake akakuta mashina sita. Kumbe alikuwa anayamwagilia.