Tupeane uzoefu: programu yako inaaga vipi inapoambiwa izime?

Mdau_Chikongola

Wakuu, habari za jioni. Oktoba inakaribia, minada ya korosho itaanza, na sisi tunaotunza mifumo ya maghala na vyama vya msingi huku Kusini simu hazitapumzika. Mara nyingi tunazungumzia kuwasha: imegoma kufunguka, haioni mizani, imeganda. Kuzima hatukugusi, na mimi nimeona hesabu za wakulima zikipotelea hapohapo. Mwenye kisa akiweke: programu iliambiwa izime, ikaacha nini nyuma, mkarekebisha vipi.

Naanza. Niliitwa kwenye ghala moja lenye mfumo ulioandikwa kwa lugha ya Python, wenye thredi mbili, yaani njia mbili za kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja. Thredi kuu inasoma uzito kwenye mizani kwa waya wa serial, inaandika kwenye SQLite (kanzidata ndogo inayokaa kwenye faili la kompyuta hiyohiyo) na kutoa risiti. Thredi ya pili inachukua rekodi kwenye foleni na kuzituma seva ya mjini mtandao ukipatikana. Jioni karani anafunga dirisha anaondoka. Asubuhi mjini wanasema magunia ya mwisho ya mkulima hawayaoni, na mkulima ana risiti mkononi.

Thredi ya kutuma ilikuwa imewekwa daemon=True. Python haisubiri thredi ya namna hiyo: thredi kuu ikimaliza, hii inakatwa popote ilipofika, hata ikiwa katikati ya kutuma. Nyaraka za Python zenyewe zinaonya kuwa inaweza isiachie vizuri faili au kanzidata iliyoshika. Ubaya zaidi, rekodi ilikuwa inapewa alama ya "imetumwa" kabla seva haijajibu, kwa hiyo kesho yake hakuna aliyeitafuta tena.

Daemon tukaiondoa. Sasa dirisha likifungwa, mizani inaacha kusomwa kwanza ili kazi mpya isiingie, kisha inawekwa None kwenye foleni kama alama ya mwisho. Thredi ikiikuta inajua hakuna kingine, inafunga muunganisho na kutoka. Thredi kuu inaisubiri kwa join(), na karani anaona maandishi "Inamalizia kutuma, subiri". Mtu aliniuliza kwa nini tusitumie Event (bendera ya kuiambia thredi iache) peke yake. Thredi iliyolala kwenye queue.get(), ikingoja kitu kiingie kwenye foleni, haiangalii Event yoyote, itaendelea kulala tu. Alama ya "imetumwa" nayo inawekwa baada ya seva kujibu.

Binti_Mikindani

Asante kaka kwa kuanzisha hili. Kwetu tatizo lilikuwa mazoea ya kill -9, amri ya kuua programu kwa nguvu. Programu ya kutuma ujumbe wa malipo kwa wanachama ikichelewa kidogo, mtu anaipiga 9 na kuiwasha upya. Ishara ya 9, SIGKILL, programu haiioni kabisa. Kernel, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, inaiondoa bila kuipa nafasi ya kufanya lolote. Ilikuwa inaacha faili la kufuli kwenye diski, na asubuhi inakataa kuwaka kwa kuamini kuna nyingine inayofanya kazi.

Nilifanya mambo mawili. La kwanza, kufuli nikalihamishia kwenye flock, kufuli linalotunzwa na kernel, kwa sababu prosesi (programu inayoendeshwa) ikifa kwa namna yoyote kernel inaliachia yenyewe. Faili likibaki halina madhara. La pili, nikaifundisha programu kupokea SIGTERM, ishara ya 15, ambayo ndiyo kill ya kawaida inatuma na ndiyo systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, inatuma ukisema stop. Wengi wanaandika atexit (kazi za kufanywa Python inapotoka) wakidhani inatosha. SIGTERM isiposhikwa, Python inakufa bila kupita kwenye atexit wala finally (sehemu ya msimbo ya kufunga kazi). Ukiishika na kuita sys.exit() ndani yake, vyote viwili vinafanya kazi. Na kama mna thredi nyingi, ishara inashughulikiwa kwenye thredi kuu tu, kwa hiyo thredi kuu isiwe ndiyo inayobeba kazi nzito.

Systemd kwa kawaida inangoja sekunde 90 kabla ya kuamua kuua. Ni muda wa kutosha kumalizia ujumbe ulio mkononi. Wafanyakazi tumewaeleza watumie systemctl stop na wawe na subira.

Lindi_Pwani

Kwetu ni Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena, yaani boksi lake la peke yake. Kila tukisimamisha kontena inachukua sekunde 10 kamili, na watu wakazoea kuwa ndivyo ilivyo. Sekunde 10 ndiyo kikomo cha docker stop kabla ya kutuma SIGKILL, kumbe programu yetu haikuwahi kuaga hata siku moja! CMD, mstari unaosema kontena iwashe nini, iliandikwa kama sentensi ya kawaida, ikawa sh (programu ya kupokea amri) ndiye PID 1, yaani prosesi ya kwanza kwenye kontena, na sh hakuipitishia programu SIGTERM. Tukaiandika kwa mabano ya mraba, programu yenyewe ikawa PID 1, tukahakikisha inashika ishara. Sasa inazima mara moja.

Mzee_wa_Nachingwea

Wanangu, nawasikiliza na mnayosema ni ya kweli, ila mmeanzia mwisho. Umeme ukikatika hautumi SIGTERM. Huku kwetu nikipewa mfumo wa kutunza swali langu la kwanza ni moja: nikichomoa waya sasa hivi, kesho tutakuta nini?

Kama ni faili, usiandike juu ya lile la zamani. Andika jipya pembeni, lifanyie fsync ili lifike kwenye diski kweli, ndipo ulipe jina la zamani kwa rename. Msomaji atakuta la zamani lote au jipya lote, hatakuta nusu. Kama ni SQLite, weka mambo yanayokwenda pamoja ndani ya muamala mmoja (yaandikwe yote au yasiandikwe kabisa): uzito, daraja na namba ya risiti. Ukikatika katikati, kanzidata ikifunguliwa tena inarudisha nyuma yale yasiyokamilika. Na kila rekodi iwe na namba yake ya pekee tangu ghalani, ili ikitumwa mara mbili seva iitambue na isimwandikie mkulima magunia mara mbili.

Hayo yakishakaa sawa, ndipo UPS, betri ya akiba ya kompyuta. Iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB, weka programu ya Network UPS Tools, betri ikikaribia kwisha kompyuta ijizime yenyewe kwa utaratibu. Hapo sasa SIGTERM zenu zitapata kazi.

Mdau_Chikongola

Shikamoo mzee wangu. Nakubali mpangilio wako, uimara dhidi ya kukatika utangulie. Bado kuaga kuna kazi ambayo muamala haufanyi: printa iliyobaki na nusu ya risiti, seva ya mjini inayoendelea kushikilia muunganisho wa mtu aliyeondoka. Hao ni wa nje, kanzidata haiwezi kuwarudisha nyuma.

Masasi_Go

Wa lugha ya Go: os.Exit, inayozima programu, haipitii defer (kazi zilizoahirishwa hadi mwisho), na log.Fatal, inayoandika kosa, ndani yake inaita os.Exit. Tafuteni log.Fatal kwenye misimbo yenu.

Newala_Simu

Mimi niko upande wa simu, programu ya kuandikisha wakulima mashambani. Kwenye Android msitegemee onDestroy, kazi inayoitwa skrini ya programu inapofungwa kabisa. Simu ikiishiwa kumbukumbu mfumo unaua prosesi bila kuiita. Afisa anajaza fomu ndefu, anapigiwa simu, akirudi fomu ni tupu, na mkulima amesimama juani anasubiri aulizwe upya. Tukahamisha uhifadhi: kila kisanduku kikijazwa kinaandikwa kwenye kanzidata ya simu palepale, onStop, inayoitwa skrini inapoondoka machoni, inabaki na machache sana. Tangu hapo hata betri ikizima ghafla, afisa anaendelea alipoishia.

Binti_Mikindani

Kaka wa Chikongola, swali. Hiyo join() yako ikiwekewa kikomo cha muda, kikipita thredi haifi. Na kwa kuwa umeondoa daemon, Python itaisubiri tena mwishoni. Mtandao ukiwa umelala karani atakaa hapo mpaka usiku?

Mdau_Chikongola

Hapana dada, na umegusa mahali penyewe. Kikomo tulikiweka kwenye mtandao. Maktaba ya requests, inayowasiliana na seva, usipoiwekea timeout inaweza kusubiri bila mwisho, kwa hiyo tuliipa sekunde 5. Ikishindwa wakati wa kuzima, thredi haijaribu tena, inatoka. Rekodi zilizobaki hazina alama ya "imetumwa", kwa hiyo asubuhi programu ikiwaka inazisoma kutoka SQLite na kuzipanga foleni kabla mizani haijafunguliwa.