Choo kinalia usiku kucha na kodi ya miezi sita nishatoa

Hamjambo ndugu zangu, mimi ni Mkenya mwenzenu nina wiki tatu tu hapa Dar, nimepanga Tabata. Choo changu usiku kucha kinafanya shiiii, maji ya simtanki yanaisha kabla hakujakucha, nikimpigia mama mwenye nyumba ananijibu vizuri kabisa "fundi anakuja kesho mwanangu" na hiyo kesho iko wiki ya pili sasa. Nairobi ningeshuka tu kwa keateka, yule mtunza jengo. Naanzia wapi, na nisije nikaharibu nikalipishwa?

*

Pole dada, na karibu. Hapo sote tumepita, kwetu unalipa mwezi na dipoziti, hapa wanataka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka, na ukishaitoa hiyo hela huna tena cha kumbania mtu. Siku nyingine kabla hujalipa fungua mabomba yote, flashi choo mara mbili, washa kila taa, angalia dari kama ina madoa ya mvua, kila ubovu upige picha umtumie na meseji palepale. Dalali atanuna maana anataka malipo yake ya kodi ya mwezi mmoja aondoke, mwache anune.

Sasa choo. Usiite fundi kwanza. Fungua mfuniko wa tanki, weka chai ya rangi kali humo ndani, usiflashi kama dakika ishirini hivi. Ukikuta rangi imeshuka kwenye sinki bila kuflashi, basi ile raba ya chini ndo imechoka, bei yake haifiki sahani ya chipsi kuku. Kama rangi haijashuka hivyo ila unaona maji yamejaa mpaka yanamwagikia kwenye kile kibomba kilichosimama katikati, hiyo ni floti, ishushe kidogo, na kama bado haifungi ujue imeganda chumvi. Nyumba nyingi hapa zinatumia maji ya kisima na yana chumvi balaa, koki mpya mwaka haujaisha ishaota ukoko mweupe. Funga maji, itoe, iloweke kwenye siki usiku mmoja, mimi yangu ilipona hivyo na hela ya fundi nikala samaki Feri.

Ukiunga bomba zungushia tepu nyeupe kufuata upande unaokazia, ukizungusha kinyume inajivuruga yote unapokaza. Na kama ni plastiki kaza kwa mkono, spana malizia kidogo tu, nilipasua moja nikaogesha jikoni nzima saa nne usiku.

Halafu lugha! Mimi niliingia duka la vifaa Gerezani nikasema kwa sauti "nipe tepu, mfereji wangu unavuja", muuzaji akaniangalia akauliza mfereji gani, wa barabarani? Hapa mfereji ni mtaro, ile ya kwetu wanaita bomba au koki, na huanzi na "nipe", unaanza na salamu halafu "naomba". Nilivyojifunza hilo hata bei ilishuka.

*

Naongezea la umeme (sio stima, watakucheka). Mkenya mwenzangu plagi zako zitaingia bila shida, za pini tatu za mraba ni zilezile, ila nunua kile kifaa cha kulinda friji, umeme ukikatika ukarudi kwa fujo kinauchelewesha kidogo kabla ya kuuruhusu, mota ya friji inapumzika. Balbu badilisha mwenyewe, swichi imezimwa. Ila ukioga na hita ikakutekenya hata kidogo zima mein swichi, usiguse, tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA (wale wanaosimamia huduma za nishati na maji), hapo usisikilize "kaka yangu anajua umeme". Na mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, usiifungue kabisa, ile si yako wala ya mama mwenye nyumba, ni ya TANESCO, shirika la umeme.

Na fundi wa kulipa wewe, mwambie kwanza mama kwa meseji kwamba utakata kwenye kodi inayofuata, akijibu "sawa" itunze hiyo sawa kama risiti.

*

Asanteni jamani. Ilikuwa raba. Nimeiweka mwenyewe, jana nimelala kimya mpaka nikaamka kuangalia kama choo bado kipo. Mama mwenye nyumba kasikia, leo kaja kuniuliza kama naweza kumwangalizia na cha kwake. Sasa mlango wa chumbani tangu mvua zianze umevimba haufungi, huo napiga randa au nasubiri jua?